Nafasi Tupu Nilivyoisoma Kwenye Negativu

Chukua negativu yoyote, yaani ukanda wa filamu uliokwisha kusafishwa, ya nyeusi na nyeupe iliyopigwa ufukweni mchana, uinyanyue dirishani. Sehemu nyeusi kuliko zote ni mbingu. Kanzu nyeupe imekuwa giza, mchanga umekuwa giza, na yule mtu aliyesimama katikati kwa ngozi yake nyeusi amekuwa angavu, karibu unaona upande wa pili kupitia mwilini mwake. Mwanga ulipopita kwenye lenzi uliziamsha chumvi za fedha zilizomo kwenye utando wa jelatini, na dawa ya kusafishia ikazigeuza kuwa fedha yenyewe, chembe ndogo nyeusi zilizoshikamana. Pale mwanga usipofika, dawa inayofuata, iitwayo fiksa, imeziyeyusha chumvi zote zikaondoka na maji. Kwa hiyo kwenye ule ukanda wa plastiki, mbingu ambayo kila mtu anasema haina kitu ndiyo iliyobeba madini mengi kuliko chochote kingine ndani ya fremu.

Jambo hilo moja limebadilisha upigaji picha wangu kuliko masomo yote niliyowahi kuyapata. Nataka kulieleza bila haraka, kwa sababu vijana wengi wanaopiga kwa simu wanauliza habari za nafasi tupu, yaani ile sehemu ya picha unayoiacha bila kitu ili kitu kimoja kisimame, na majibu wanayopewa ni mafupi mno: weka mtu pembeni, acha uwazi, basi. Mimi naamini uwazi haupatikani kwa kuacha. Unatengenezwa, na kuutengeneza ni kazi nzito kuliko kumpiga mtu mwenyewe.

Kazi yangu ya kila siku ni harusi, sendofu na picha za pasipoti hapa Dar es Salaam, zote kwa kamera ya dijitali. Filamu niliingia kupitia kwa mjomba wangu aliyeniachia Pentax K1000 yenye lenzi ya milimita 50. Wanaoijua kamera hiyo wanaelewa kwa nini haikuozea kabatini: ilitengenezwa kuanzia 1976 hadi 1997, ndani ni chuma na gia tupu, na kabetri kake kanahudumia mita ya mwanga tu. Betri ikifa unaendelea kupiga. Kigumu kilikuwa kumpata mtu wa kunifundisha kusafisha mkanda, maana studio nyingi nilizozijua utotoni vyumba vyao vya giza vimegeuzwa stoo.

Nikampata mzee mmoja Tanga, fundi wa studio tangu ujana wake, aliyekwisha kustaafu lakini bado ana tangi, chupa za dawa na enlaja, ile mashine ya kukuzia picha, aliyoifunika kwa shuka. Siku ya kwanza nilimpelekea mkanda uliokwisha kusafishwa. Baada ya shikamoo na chai ya tangawizi akauweka juu ya kioo chenye taa chini yake, akanipa lenzi ya kukuzia.

“Haya mwanangu, nambie unaona nini.”

“Shangazi yangu, mzee. Amesimama mlangoni kwake.”

“Sikukuuliza nani yumo. Nambie fedha iko wapi.”

Nikatazama tena. Kwenye negativu sura haisomeki kwa urahisi: mboni za macho zimekuwa nyeupe, meno yamekuwa meusi, na tabasamu unalolijua tangu utotoni limegeuka kitu kigeni. Ukishampoteza shangazi, yanabaki maumbo. Kushoto kulikuwa na bonge zito la ukuta wa chokaa, theluthi mbili ya fremu nzima. Katikati umbo jembamba angavu. Na kati ya kiwiko cha shangazi na mwimo wa mlango kulikuwa na kapembe tatu kadogo, keusi tititi kuliko ukuta, mahali ambapo jua lilipenya kutoka uani. Mzee akaweka ncha ya penseli hapo hapo.

“Jicho la mtu litakwenda hapa kabla halijaenda usoni. Hiki nacho ni kitu. Kina uzito wake, kina ncha tatu, na umekibandika ubavuni mwa mama wa watu.”

Tangu siku hiyo ndipo nikaelewa kwamba nafasi tupu si ile mbingu kubwa tu. Ni tundu kati ya mkono na kiuno, pengo kati ya shingo na kilemba, mwanya kati ya watu wawili waliosimama karibu bila kugusana. Kila tundu lina umbo, na umbo hilo linaonekana wazi kuliko la mtu mwenyewe ukilitazama kwenye negativu. Penseli ile ile, kumbe, ndiyo aliyoitumia miaka yote kurekebisha sura za wateja. Unachora taratibu upande wa jelatini pale ambapo negativu ni nyembamba, penseli inazuia mwanga kidogo, na kwenye karatasi mkunjo wa paji la uso unalainika. Kazi ya subira mno; aliifanya akiwa ameshikilia pumzi.

Kusafisha mkanda mwenyewe ndiko kulikonifundisha sehemu ya pili. Maelekezo ya filamu huandikwa kwa dawa yenye joto la nyuzi 20. Filamu ya HP5 Plus ndani ya dawa ya D-76 isiyoongezwa maji inataka dakika saba na nusu kwa joto hilo. Sasa fungua bomba la Dar es Salaam mwezi wa pili uone: maji yanatoka yakikaribia nyuzi 30. Ukisafisha kwa nyuzi 24 muda unashuka hadi dakika tano na ushei, na ukipanda zaidi ya hapo unatakiwa kumaliza chini ya dakika tano, muda ambao dawa haiwahi kuenea sawasawa kwenye mkanda mzima. Jelatini nayo kwenye joto inalainika, inachubuka hata kwa ukucha. Na ukiutoa mkanda kwenye dawa ya moto ukautumbukiza ghafla kwenye maji baridi, jelatini inajikunja na kupasuka nyufa ndogo ndogo.

Picha ya sokoni Kariakoo, yenye vichwa, mizigo, mabango na miavuli, inaficha haya yote. Dawa ikienda kombo huwezi kuona. Lakini piga mbingu pana, kisha usafishe kwa haraka kwenye joto: utaona michirizi inayoanzia kwenye matundu ya pembeni mwa mkanda na kuingia katikati ya mbingu, utaona alama ya tone la maji lililokaukia hapo, utaona kila unywele na kila vumbi. Uwazi hauna pa kuficha mkono wa fundi. Ndiyo maana mikanda yenye mbingu nyingi naisafisha usiku, nikiwa na beseni, chupa za maji zilizoganda kwenye friza na kipimajoto, na chupa zote, hata ya maji ya suuza, nazisubiri zifikie joto moja ndipo nianze. Kukausha nako: nafungulia maji ya moto bafuni kidogo, mvuke utue na vumbi, ndipo naning'iniza mkanda, natoka, nafunga mlango.

Tuzungumze kuhusu kupima mwanga, kwa sababu hapa ndipo watu weusi wanapopotezwa kwenye picha. Mita ya kamera haijui inamtazama nani. Inachukulia kwamba kila kilicho mbele yake ni kijivu cha wastani, kile kinachorudisha asilimia 18 ya mwanga. Ielekeze kwenye ukuta wa chokaa au mbingu nyeupe na itabana mwanga mpaka ukuta uwe kijivu, na uso mweusi ulio mbele ya ukuta huo unazama. Kwenye negativu unakuwa plastiki mtupu. Plastiki mtupu haiokolewi. Unaweza kukaa chumba cha giza usiku kucha, hakuna cha kuchapa. Utupu wa kweli kwenye filamu uko upande wa giza, na mara nyingi aliyeutumbukia ni mtu ambaye picha ilipigwa kwa ajili yake.

Ninachofanya ni hiki. Nasogea mpaka uso ujaze kioo cha kamera, napima hapo, napunguza mwanga hatua moja ili ngozi ibaki na weusi wake, kisha narudi nilikotoka na sigusi tena chochote. Mbingu inazidi, na filamu inavumilia: fedha inarundikana lakini ndani ya rundo hilo bado kuna tofauti ndogo ndogo za wingu na wingu, unazozitoa taratibu wakati wa kuchapa. Kamera ya dijitali tabia yake ni kinyume. Mbingu ikizidi, namba zinagonga ukomo na eneo lote linakuwa weupe mmoja usio na taarifa yoyote, na mtu anaelea tu bila hewa ya kumzunguka. Kwa hiyo kwenye harusi napima kwa kuilinda shela na mbingu, kisha nainua vivuli baadaye kwenye kompyuta. Kamera mbili, sheria mbili, na lengo ni lile lile: uso uwe na kitu, na uwazi nao uwe na kitu.

Uzito wa mbingu unaweza pia kuuchagua kabla ya kubonyeza. Kichujio cha njano kinaishusha kidogo, cha rangi ya chungwa zaidi, chekundu kinaipeleka karibu na weusi. Ila kichujio kinakula bluu, na pwani wakati wa unyevunyevu mbingu ya mchana haina bluu ya kuliwa. Imejaa mvuke, nyeupe kuanzia kichwani hadi baharini. Dodoma baada ya mvua kuosha vumbi, kichujio kile kile kinakupa mbingu nyeusi ya kutisha. Kujua mbingu ya mahali unapoishi ni sehemu ya ufundi huu, na haiandikwi kwenye boksi la filamu.

Jaribio nililolipenda kuliko yote nililifanya Jambiani, kusini mashariki mwa Unguja. Wakati wa bamvua maji yakitoka, bahari inarudi mbali kuelekea mwambani na kuacha uwanda wa mchanga na madimbwi ambao macho hayaumalizi. Huko ndiko wanawake wanakolima mwani kwa vijiti na kamba, kilimo kilichoanza Zanzibar kibiashara mwaka 1989. Nilimwamkia mama mmoja aliyekuwa akishuka na kamba zake, nikamweleza ninachokitafuta, nikaomba ruhusa. Akasema nipige, ila nisimcheleweshe, maji hayamsubiri mtu.

Ilikuwa yapata saa mbili na nusu asubuhi, jua likiwa upande wa bahari. Safari hii niliipima mbingu kwa makusudi, nikamwacha yeye awe umbo jeusi. Nikamweka chini kabisa ya fremu, mdogo, mbingu yote juu yake. Baadaye nikapiga kwa karibu fungu la mwani mbichi lililotandazwa mchangani. Nyumbani nikazipandanisha negativu mbili, jelatini kwa jelatini, nikaziweka kwenye skana kwa pamoja.

Fikiria kinachotokea hapo. Kwenye negativu ya kwanza mbingu imejaa fedha, kwa hiyo inazuia mwanga na mwani hauwezi kupita. Mwili wa yule mama ni plastiki mtupu, kwa hiyo mwani unapita pale tu. Ukiigeuza kuwa picha ya kawaida unapata karatasi nyeupe, na chini kabisa mwanamke aliyejaa mwani kuanzia kisigino hadi kifurushi cha kichwani, pindo la kanga yake likiwa limechorwa na vitawi vyembamba. Nilipokuza nikaona kwamba kwenye kona ya chini kulia, ambako mbingu ilikuwa hafifu kwa sababu ya wingu, mwani ulikuwa umevuja kidogo nje ya mwili. Mbingu ndiyo iliyokuwa ukuta wa picha ile. Ilipolegea, picha ililegea.

Niliporudi Jambiani na chapisho nilimchukulia yule mama pia negativu yenyewe, kwa sababu nilitaka aone jinsi ilivyotengenezwa. Aliishika kwa kingo, kama nilivyomwonyesha, akaielekeza kwenye jua.

“Mbona hapa kumekuwa usiku, na mimi ndo nimewaka?”

Nikamweleza habari ya fedha. Akasikiliza, kisha akaiangalia ile picha ya mwani kwa muda mrefu. “Hii ndo kweli,” akasema. “Mwani ushaniingia. Mpaka mgongoni naujua.” Chapisho limebaki kwake.

Kuunganisha picha mbili kuwa moja si jambo geni pwani yetu. Marehemu Omar Said Bakor wa Lamu, mwenye Bakor Studio, alifanya michanganyiko ya aina hii kwa mikono yake zamani, wakati hakuna kompyuta ya kumsaidia. Na ukitaka kujaribu bila skana wala enlaja, tumia kamera inayoruhusu kupiga mara mbili kwenye fremu moja. Kanuni ni ile ile: picha ya pili inaingia pale penye giza. Tundika kaniki nyuma ya mtu na kila kinachozunguka mwili wake kitakuwa tayari kupokea mlango wa nakshi, majani au maji.

Nimewahi kuambiwa kwamba uwazi ni ladha ya Wajapani na Wazungu, sisi tunapenda vitu vijae. Sikubaliani. Tandaza kanga chini uitazame: pindo linazunguka pande zote nne, mji uko katikati, na kanga nyingi zina ua moja au tunda moja tu katikati ya uwanja wa rangi tupu, na jina limekaa chini yake. Aliyechora alijua hasa ukubwa wa uwanja ule. Kisha weka kisutu pembeni, kilichojaa alama ndogo ndogo kila mahali mpaka jicho halipati pa kupumzika, na hicho nacho ni kizuri, ndiyo nguo ya bi harusi. Tunazo zote mbili, tena kabati moja.

Vivyo hivyo kwenye picha. Seydou Keïta alipiga picha za watu wa Bamako kuanzia 1948 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960, na moja ya mapazia yake ya kwanza ilikuwa shuka la kitandani kwake. Picha zake nyingi zina ua juu ya ua, vazi lenye nakshi mbele ya kitambaa chenye nakshi, nafasi tupu hakuna kabisa. Lakini sura na mikono inasimama vizuri ajabu, kwa sababu ngozi yenyewe ndiyo eneo pekee lililotulia. Nadhani hilo ndilo swali la kujiuliza ukiwa nyuma ya kamera: jicho litulie wapi? Wakati mwingine ni mbinguni. Wakati mwingine ni shavuni.

Wateja wangu wana maoni yao kuhusu haya, na nayaheshimu. Bi harusi mmoja alipoiona picha ambayo yeye na mumewe wako chini kulia, na ukuta mrefu wa njano umejaa kwingine kote, alinitazama kwa masikitiko: “Kaka, hela yangu yote imeenda ukutani?” Mama yake alikuwa mkali zaidi, alitaka kuona watu aliowaalika. Ana haki. Picha ya harusi ni ushahidi wa nani alikuja, na ukoo mzima unataka kujiona. Hivyo nikiwa kazini napiga kwanza picha zilizojaa, kila shangazi na kila mjomba, kisha naomba dakika chache za maharusi peke yao mahali penye uwazi. Bi harusi yule yule baadaye aliiweka ile ya ukuta wa njano kwenye hali yake ya WhatsApp, na rafiki zake wawili wakanitafuta wakiitaka “ile ya ukuta”.

Kwa wenye simu tu, kuna njia rahisi ya kujifunza jicho la negativu. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya ufikivu, utakuta swichi ya kugeuza rangi. Iwashe kisha ufungue kamera. Kwenye simu nyingi, kioo chote kinageuka, na unatembea mtaani ukiona negativu moja kwa moja: anga jeusi, miti inayong'aa, watu wasiotambulika. Picha itakayohifadhiwa ni ya kawaida, ni kioo tu kilichogeuka. Nawapa vijana wanaonifuata zoezi la kutembea hivyo kutoka Posta hadi Kivukoni, wakitafuta mahali ambapo weusi mkubwa unashikana vizuri na kitu kimoja cheupe. Wanarudi na picha tofauti kabisa, kwa sababu wameacha kufukuza sura wakaanza kupima uzito. Usitembee nayo barabarani penye bodaboda, lakini. Rangi za taa nazo zimegeuka.

Sasa kuhusu kutunza, na hapa naongea kwa uchungu. Yule mzee wa Tanga alinifungulia maboksi yake, na tulipoyafungua chumba kikajaa harufu ya siki. Plastiki ya asetati ikioza kwa joto na unyevu hutoa asidi, asidi inaharakisha uozo, na negativu moja iliyooza inaiambukiza ya jirani. Nyingine zilikuwa na ukungu uliotafuna jelatini, matawi membamba yakipita juu ya nyuso za watu. Na ukungu haukuchagua: penye jelatini umekula, mbinguni na usoni. Familia ngapi za pwani picha yao pekee ya babu iko kwenye boksi la namna hiyo? Picha za Capital Art Studio, iliyoanzishwa Unguja mwaka 1930 na Ranchhod Oza, tunazo leo za kutuonyesha Zanzibar ya wakati ule, na hilo ni jambo la kushukuru, maana studio nyingi zilifungwa na maboksi yakaenda jalalani.

Kama una negativu nyumbani, zitoe kwenye mifuko ya nailoni leo. Zinazonuka siki zitenge na nyingine. Weka kila ukanda kwenye bahasha ya karatasi, kwenye boksi linalofunga vizuri, pamoja na zile pakiti ndogo za kunyonya unyevu zinazokuja kwenye maboksi ya viatu, na usiliweke juu ya kabati karibu na bati. Kisha zipige picha: fungua ukurasa mweupe kwenye tableti, inyanyue negativu kidogo juu yake ili vidoti vya kioo visionekane, piga kwa simu, geuza rangi. Haitakuwa bora kama skana, lakini babu atakuwa yupo.

Siku hizi nimehamia kwenye uchapaji wa bluu uliobuniwa na John Herschel mwaka 1842, mtu yule yule aliyegundua mwaka 1819 kwamba dawa iitwayo “hypo” inayeyusha chumvi za fedha, ugunduzi uliokuja kuwa fiksa tunayoitumia mpaka leo. Kwenye bluu hii hakuna fedha hata kidogo. Unachanganya dawa mbili za chuma, amonia feriki sitrati na potasiamu ferisianidi, unapaka kwenye karatasi mahali pasipo na jua, unaacha ikauke. Negativu lazima iwe kubwa sawa na picha unayoitaka, hivyo naitengeneza kwenye kompyuta na kuichapa kwenye plastiki angavu dukani kwa watu wa stesheneri. Naiweka juu ya karatasi, nagandamiza kwa kioo cha fremu, natoa juani. Jua la Dar es Salaam mchana linafanya kazi hiyo kwa dakika chache. Unaosha kwa maji ya kawaida na bluu inabaki.

Mbingu kwenye picha hizi ni karatasi yenyewe. Wino wa negativu umezuia jua lisifike, dawa yote imeoshwa, hakuna kitu juu yake: nyuzi za karatasi tu. Kwa hiyo naichagua karatasi kwanza, naigusa, naitazama ubavuni kwenye mwanga, ndipo naamua ni picha gani inastahili kukaa hapo. Negativu ya mama wa Jambiani imekaa vizuri kwenye karatasi nene yenye mikwaruzo, ile ya kuchorea kwa rangi za maji.

Sasa najaribu kitambaa cha merikani. Merikani mpya imejaa wanga wa kiwandani, na dawa inakaa juu juu badala ya kuingia ndani ya nyuzi, kwa hiyo lazima kichemshwe kwanza na kusuuzwa mpaka maji yatoke safi. Kinanyonya dawa nyingi kuliko karatasi na kinataka muda mrefu zaidi juani. Bluu yake ni nzito, naipenda. Tatizo ni weupe: eneo kubwa tupu kwenye kitambaa linabaki na wingu la samawati pale dawa isipooshwa vizuri, na kitambaa kikipakwa muda mrefu kabla ya kutumika wingu hilo linazidi. Hivyo napaka usiku, nachapa kesho yake asubuhi, nasuuza mara nyingi kwenye maji yenye siki kidogo mwanzoni. Wiki ijayo napaka kipande cha upana wa kanga nzima, ua moja katikati, na kwingine kote nitajitahidi kubaki na kitambaa cheupe.